Maneno Kumi ya Daktari

Katika ukoo wa Ravenell wa Walterboro, mtoto akianza kutembea hupewa mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi na kugongana, na asiyeutaka hupimwa homa. Babu alicheza. Mwanawe Odell akacheza ligi kuu miaka tisa. Mkewe Earlene, ambaye mpira hakuugusa, alikimbia mita mia nne mpaka jimbo zima likamjua. Sasa kifungua mimba wao, Tremaine, angekuwa nini, fundi cherehani? Akawa mkabaji, yule wa kuwaangusha wapinzani chini, na kwa miaka yake thelathini na mmoja alikuwa amebakiza msimu mmoja katika mkataba wake.

Lakini ukoo ule ulirithishana na ujanja mwingine, na huo mimi sikuupenda hata siku moja. Kila kiangazi, kabla ya msimu, daktari wa timu humsomea mchezaji maneno kumi, kisha baada ya muda humtaka ayarudie. Alama huwekwa. Akigongwa kichwa katikati ya msimu hupimwa tena, na akionekana amepungua, haingii uwanjani. Odell aliwafundisha wanawe kwamba kiangazi utaje manne tu, hata kama yote kumi unayo, ili siku ukigongwa usionekane umepungua. Jamani, watu wazima na akili zao wanajifanya mazuzu wapate ruhusa ya kugongwa zaidi!

Jumapili, siku moja kabla ya kipimo, familia ilikaa kula wali na samaki. Odell alimwita Tremaine kwa jina la ndugu yake mwenyewe aliyekufa zamani. Akaomba chumvi, akapewa, akaomba tena.

"Unayo mkononi, baba," Tremaine akasema.

"Najua ninayo," Odell akajibu kwa ukali, na chumvi yenyewe asiinyunyize.

Quincy, mdogo wake Tremaine, naye mchezaji, alijaribu kuchangamsha meza. "Kaka, kesho utataja mangapi? Kwa uzee huo taja mawili, wakupe na mkongojo."

"Kula wewe. Mama alikuacha kwa mbio akiwa na miaka hamsini, tena amevaa kandambili."

Walicheka wote ila Earlene. Baada ya chakula alimfuata Tremaine jikoni, akasimama kati yake na mlango.

"Kesho taja yote, mwanangu."

"Nikitaja yote, mama, nikigongwa mara moja tu wananitoa."

"Ndicho ninachotaka, wakutoe. Baba yako nilimpigia makofi miaka tisa, na leo kila asubuhi namwambia mimi ni nani. Wa pili sitamweza, Tremaine. Nimechoka."

Hakuwahi kumsikia mama yake akisema amechoka, hata mwaka ule alipokimbia na goti bovu. Kwa huruma akaahidi. Tena aliona ni jambo dogo, kwani miaka yote maneno kumi yalikuwemo kichwani mwake, ni yeye tu aliyekuwa akiyabania.

Asubuhi Daktari Haskell akamsomea maneno. Akampima macho, akamsimamisha kwa mguu mmoja, wakazungumza habari za uvuvi. Kisha akamwambia ayataje.

"Ngazi," Tremaine akaanza, akitabasamu. "Siagi. Mto. Kengele."

Akalitafuta la tano, lakini halikuja. Akafumba macho, akaanza upya kutoka ngazi, akafika kengele, na mbele ya kengele hakukuwa na kitu. Alikuwa amekutana na majitu ya kilo mia na hamsini bila kuogopa, lakini sasa neno moja tu lilimshinda.

Daktari akangoja, kisha akaandika. "Manne. Kama mwaka jana, kama mwaka juzi. Hujatikisika, bwana. Tia sahihi hapa ukafanye mazoezi."

Tremaine akashika kalamu. Hakuna ambaye angejua. Sahihi moja tu, na msimu mzima ulikuwa wake, na mama angeambiwa kwamba aliyataja yote.

"Daktari, miaka hiyo mingine nilikuwa nadanganya."

Haskell akacheka, maana alikwisha sikia mizaha mingi ya wachezaji. "Na leo?"

"Leo nimeyatafuta yote," Tremaine akasema, akamrudishia kalamu.