Bonde la Kidole Gumba

Vumbi la plastiki halina adabu. Linaingia puani, linaingia kwenye chai, na mwanamke aliyeshinda akisugua migongo ya simu atalikuta hata ndani ya soksi akirudi nyumbani. Dole alikwisha kulizoea. Alijifunga kitambaa puani, akakunja kipande cha msasa, akachukua mgongo wa simu uliotoka kwenye mashine ukiwa bado na joto, akaukandamiza kwa kidole gumba na kuanza kusugua. Meza ikayumba.

"Wewe unasugua simu au unapigana na mtu?" aliuliza wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa kiti cha pili.

"Iulize meza. Mimi nimetulia."

Mguu mmoja wa ile meza ulikuwa mfupi. Waliomba itengenezwe mpaka wakachoka kuomba. Jibu lilikuwa lile lile, fungu la matengenezo bado. Chai ya mapumziko nayo ilianza kwa kupoteza maziwa, ikafuata sukari, na wanawake wa chumba cha msasa walikuwa wanasubiri tu siku chai yenyewe itakapoaga, wabaki na vikombe.

Jina la Dole alipewa pale pale kiwandani, kwa sababu kidole gumba chake cha kulia kilikuwa bapa na kigumu kama kijiko. Mashine iliacha ukingo mkali ubavuni mwa kila simu, na ule ukingo uliwachana wanawake viganja. Dole ndiye aliyeona kwamba ukiukandamiza kwa gumba na kuzidisha kidogo, ukingo unakwisha na panabaki kibonde ambamo gumba la mwenye simu linalala kama liko kitandani kwake. Akawaonyesha wenzake. Wanunuzi wakakipenda. Kampuni ikakipigia matangazo makubwa, mkononi mwa mrembo wa kucha ndefu ambaye msasa hajawahi kuuona hata kwa jirani.

Ndipo ikaja kesi. Kampuni kubwa kuliko yao ilisema umbo lile ni mali yake, imelisajili. Haikuwa kesi ya kwanza. Mwaka uliopita pembe za simu zilikuwa za mviringo. Mahakama ikasema mviringo ule una mwenyewe, wanawake wakaambiwa wazikate. Kamera ilikuwa pembeni, ikahamia katikati kama mtu anayekimbia deni. Kiwandani walisema mchoraji wa simu zao hana kalamu, ana wakili.

"Dole! Ofisini!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa msimamizi wao, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki.

Ofisini alimkuta wakili wa kampuni, suti safi, amekalia ncha ya kiti ili vumbi lisimpate.

"Karibu, mama. Hakuna la kuogopa. Leo mkaguzi wa mahakama anakuja kuona kile kibonde kinatoka wapi. Kama tulikikusudia, tumeiga umbo la watu. Kama ni mkono uliokosea, hatujaiga mtu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Mkono wa nani?"

Wakili akakohoa. Redio akadakia, "Wako, lakini ni maneno tu, dada yangu! Utasema ulikandamiza vibaya, wenzako wakakufuata. Basi."

"Na aliyeharibu mali ya kiwanda, sheria yenu inasema afanywe nini?"

"Utaachishwa kazi kwa mdomo tu. Mambo yakipoa, unarudi."

"Nitarudi kwa mdomo pia?"

Redio alicheka peke yake. Wakili hakucheka. Alisema kampuni haiwasahau wanaoisaidia, na wala haiwasahau wanaoisumbua. Alilisema kwa upole sana, kama daktari anayetaja sindano.

Dole alirudi mezani, akamweleza wifi yake. Wifi aliweka msasa chini.

"Kaka yangu hajashika mwiko wa kujengea tangu saruji ipande bei. Nyumba nzima inakula kwenye kidole chako. Sema hayo maneno, mambo yapite."

"Halafu kiwanda gani kitanichukua? Mtu aliyeandikwa mahakamani kwamba mkono wake unaharibu kazi?"

"Ukikubali wanakufukuza. Ukikataa wanakufukuza."

"Basi angalau nichague maneno ya kufukuziwa."

"Una kiburi wewe. Ndiyo maana mama alikataa kaka asikuoe."

"Na wewe ndiye ulimbembeleza."

"Nilikuwa mdogo, sikujua," alisema wifi, na wote wawili wakacheka ndani ya vitambaa vyao. Kisha Dole akachukua mgongo mwingine, meza ikaanza kuyumba tena.

Wageni waliingia baada ya chakula cha mchana: mkaguzi wa mahakama, ambaye alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, pamoja na wakili wao na wakili wa ile kampuni kubwa, naye suti safi. Mtu angewachanganya hao mawakili wawili. Mashine zikazimwa. Redio akaanza kueleza historia ya kiwanda tangu msingi wake, mpaka mkaguzi akamwinulia kiganja.

"Ni nani alianza hiki kibonde?"

"Mimi," alisema Dole, akasimama.

"Kilitokeaje?"

Redio alimtazama kama mtu anayesukuma gari kwa macho. Wakili wao akaitikia kwa kichwa taratibu, kumtia moyo.

"Ngoja nikuonyeshe, baba," alisema Dole. Akachukua mgongo mbichi, akakunja msasa, akakandamiza gumba. Chumba kizima kilisikia ule mkwaruzo tu. Alipomaliza akapuliza vumbi, akaufuta kwenye kanga kiunoni, akamkabidhi. "Shika."

Mkaguzi alishika. Gumba lake likatambaa ubavuni, likaingia kibondeni, likatulia.

"Hapo kuna kosa gani?" aliuliza Dole. "Wameniambia niseme nilikosea. Sikukosea. Ukingo ulikuwa unatukata, na ungewakata wanunuzi. Nikautoa. Sikuiga simu ya mtu. Simu ya bei ile ningeionea wapi?"

Wakili wao alisema haraka kwamba mfanyakazi huyu hana mamlaka ya kuisemea kampuni. Wakili wa upande wa pili, aliyekuwa akimpinga mwenzake tangu getini, hapo akamuunga mkono kwa moyo wote: shauri ni la makampuni mawili, vidole vya wafanyakazi havimo. Ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile. Mkaguzi aliandika kitu, hakusema ni nini. Kalamu ilikuwa mkono wa kulia. Wa kushoto bado ulikuwa umeshika ule mgongo, gumba limelala.

Wageni walipoondoka, Redio alirudi na boksi, uso umemvimba. Akaanza kugawa vibao vidogo vya mbao, kimoja kwa kila mtu.

"Amri ya wakili! Kuanzia sasa msasa unafungwa kwenye kibao. Hakuna kugusa simu kwa kidole. Ubavu uwe bapa kama ukuta, kesi isituongezee kesi. Na wewe Dole, kesho usije."

"Na ukingo?" aliuliza wifi. "Kibao hakiutoi. Watu watakatwa."

"Wakatwe. Hakuna aliyesajili kukatwa!"

Dole alikigeuza kibao chake, akakipima kwa jicho, unene wake na upana wake. Kisha akapiga magoti, akainua meza kidogo kwa bega, akakisukuma chini ya ule mguu mfupi. Akaijaribu kwa viganja viwili. Meza haikuyumba.

"Ahsante sana, msimamizi," alisema akiwa bado chini. "Kumbe fungu la matengenezo lilikuwa mahakamani."

Kicheko kilianzia kwa wifi, kikazunguka chumba kizima. Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, redio haikushika.

"Nimesema kesho usije!" alipata kusema mwishowe.

"Nimesikia. Kesho ni kesho. Zamu yangu ya leo haijaisha."

Akakaa, akakunja msasa, akakandamiza gumba. Wifi yake alimtazama Redio, akasukuma kibao chake pembeni ya meza, akakandamiza gumba lake.