Zahanati ya Nesi Mmoja

Watu hudhani hospitali ikiwa kubwa, mgonjwa yuko salama zaidi. Na mimi nilidhani hivyo, hadi mwaka 1996 nilipompeleka Irakoze.

Alijifungua mtoto wake wa kwanza kwenye zahanati yangu, kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, na damu ikakataa kukata. Muuguzi ni mimi peke yangu. Nilimdunga sindano, nikamkanda tumbo, kisha Khatibu, dereva wa shirika la misaada, akakubali kutupeleka hospitali na kunirudisha. Zahanati nikamwachia Makarius, mfagiaji wetu, ambaye hata dawa ya kikohozi haruhusiwi kuigusa.

Tulipokewa vizuri. Wodi ilifurika, wanawake wawili wawili kitandani, lakini wauguzi walikuwa wanne, sare zimenyooshwa. Damu nayo ilikuwa imepungua.

"Rudi kazini, dada Aneth," akasema Sista Ernesta, msimamizi wa wodi. "Huku tupo wengi. Tutamwangalia."

Nje Khatibu alipiga honi. Irakoze akanishika gauni.

"Ntunsige," akaninong'oneza kwa Kirundi. Nisimwache.

Nikabaki. Khatibu akaondoka amenuna.

Mchana nilitoka kumtafutia uji. Niliporudi alikuwa mweupe midomoni, na nilipofunua shuka, godoro lilikuwa limelowa damu.

"Nani kamwangalia huyu?" nikafoka.

Muuguzi mmoja alidhani kaangaliwa na mwenzake. Mwenzake alidhani ni Ernesta. Ernesta alidhani ni wao. Nilitamani kuwazaba vibao wote. Nikamkanda tumbo huku nikipiga kelele, mpaka daktari akaja mbio.

Irakoze akapona. Jioni Ernesta alinifuata nje, macho mekundu.

"Ungeondoka, tungemzika," akasema. "Wewe kwenu huna wa kumtegea kazi. Sisi hapa tunategeana."

Nilijua kasema kweli, na moyoni nilijisifu.

Kesho yake nilipata lori la mahindi la kunirudisha. Barazani kwenye zahanati alikaa Jeanne, mkulima wa kijijini kwetu, amempakata mwanawe ndani ya kitenge. Makarius alisimama kando, analia. Degedege lilimshika mtoto jana yake mchana, akaniambia, na yeye hakujua la kufanya.

Nikampokea mtoto. Alikuwa wa baridi.

"Walisema nesi hakawii," Jeanne akasema. "Yoo, nikakungoja."