Saba Juu ya Nne

Harriet, ambaye mihogo yake inapakana na ya Loy huku Molo, anaapa kwamba alimwona marehemu mzee Obore, baba mkwe wa Loy, kwa macho yake siku ile anaandika karatasi ya kugawa shamba. Alikuwa amepeleka maziwa, ndivyo anavyosema, akamkuta mzee amekaa mkekani, shati kaligeuza ndani nje, anamtuma chumvi mke wake aliyekufa zamani. Kalamu inatetemeka. "Basi akaandika namba kichwa chini," Harriet humalizia, na kugeuza kiganja ili uone. "Mtu akishafika hapo, hata jina lake ataanzia nyuma."

Habari hiyo ilizunguka kijiji chote kabla ya siku ya kugawa shamba. Loy aliisikia mara tatu, na kila mara mzee alikuwa mgonjwa zaidi. Hakubisha. Maziwa yaliletwa kweli, ila mwezi mzima baada ya karatasi kuandikwa. Alidhani karatasi itajisemea.

Ukoo ulikaa uani kwa Opendi, mtoto wa kwanza wa mzee. Wa pili na wa mwisho alikuwa Jonan, mume wa Loy, naye yuko kaburini mwaka wa tatu sasa. Phanuel, mwenyekiti wa ukoo, alisimama akasoma. Shamba lote, ekari nne na robo. Opendi, ekari mbili na nusu. Nyumba ya Jonan, ekari... Akaisogeza karatasi mbali na macho, akairudisha karibu.

"Saba juu ya nne," alisema. "Jamani. Saba juu, nne chini."

"Si nilisema?" Harriet akadakia kutoka kwa wanawake.

"Mimi nilisoma mpaka mwisho wa primari," Phanuel akaendelea, "na mwalimu alitufundisha kipande ni kidogo kuliko kizima. Ukikata chapati vipande vinne, wewe utakula saba? Vitatu utavitoa wapi, mfukoni kwa jirani?"

Watu wakacheka. Loy naye aliishia hiyohiyo primari ya saba, na hesabu hii ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Alingoja kicheko kiishe.

"Mzee," alisema, "nikiwa na chapati mbili, kila moja nikaikata vipande vinne, vinakuwa vinane. Nakula saba, kimoja kinabaki. Saba juu ya nne ni moja nzima na robo tatu."

Mwanamke mmoja alisema "Eee!" kisha akafunga mdomo.

"Hizo ni chapati za Busia," Opendi alisema. "Kule wanauza na hewa."

Kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza. Loy alikuwa ameuza nyanya Busia miaka minne, na hapo kijijini hawakumwacha aisahau.

"Shemeji, wewe ulikuwepo," alimwambia. "Baba hakutupa shamba siku moja. Tulipooana alitupimia robo. Mvua nyingine robo. Carol alipozaliwa, robo. Kila robo tulipanda mkonge mpakani, na kamba ulishika wewe upande wa pili. Zikafika saba. Ndiyo maana aliandika saba za robo, hakuziunganisha. Twende tuhesabu mikonge."

Opendi alijikuna shingo. "Mikonge inazaana yenyewe. Mimi kamba nimeshika nyingi, sikumbuki ya nani."

Loy alichukua kijiti akachora chini, kama alivyokuwa akimchorea Carol. "Basi tuache mikonge. Mbili na nusu ya shemeji ni robo kumi. Yangu robo saba. Jumla kumi na saba. Kumi na saba ukigawa kwa nne ni nne, inabaki moja. Nne na robo. Shamba lote kama lilivyoandikwa hapo juu. Halikupungua, halikuzidi."

Phanuel aliinama akatazama mchanga. "Kumi na saba juu ya nne? Mama Carol, nakuuliza juu ya namba moja mbovu, unaniletea nyingine mbovu zaidi!"

Vincent, karani wa ukoo, kijana wa duka la mbegu, alikuwa ametoa simu. Alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena. "Mzee, saba gawa kwa nne, simu inatoa moja nukta saba tano."

Loy alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ni hiyohiyo," alisema. "Ni moja na robo tatu."

"Hapana, ngojeni," Phanuel alisema, akainua vidole. "Karatasi inasema saba na nne. Mama Carol anasema moja na robo tatu. Simu inasema moja nukta saba tano. Hizo ni namba tatu, hakuna inayofanana na mwenzake. Sasa tuamini ipi? Mzee aligeuza, shahidi yupo. Alitaka kuandika nne juu ya saba."

"Na ekari mtaikataje saba?" Loy aliuliza.

Phanuel alinong'onezana na Opendi. Nne juu ya saba, wakakubaliana, ni nusu na kitu kidogo, na hicho kitu kidogo hakipandwi hata kitunguu. Itakuwa nusu. Itakayobaki ni ya ukoo, na Opendi, kwa kuwa yuko karibu, ataitunza. Miche yake ya mikaratusi ilikuwa tayari imepangwa kivulini nyuma ya jiko.

Robo mbili kati ya saba. Loy hakuhitaji kijiti kwa hiyo. Robo mbili zilikuwa mihogo ya kula mpaka Machi, yeye na Carol, kama mvua haikukosea. Baada ya Machi kulikuwa na kwao Buteba, na kwao kaka zake walishagawana mpaka ukingo wa choo.

Watu walianza kusimama na kukung'uta nguo. Mtu alipita juu ya mchoro wake. Harriet alimgusa bega, akamwambia pole, mama, wazee wakizeeka ndiyo hivyo.

Loy alimfuata Vincent, aliyekuwa akiandika ya mwisho kwenye daftari la ukoo huku amelilaza gotini.

"Vincent, ndugu yangu. Wewe uliiona kwenye simu. Sikuombi useme. Andika tu hapo chini, mstari mmoja, kwamba nilisema saba juu ya nne ni moja na robo tatu. Andika na ile ya simu. Nikienda kwa wakubwa niwe na kitu cha kuonyesha."

Phanuel alikuwa amesimama nyuma yao, anangoja daftari. Vincent alitazama ukurasa, palipokuwa na nafasi ya mistari mitatu. Akafunika kalamu.

"Mstari mmoja tu, Vincent," Loy alisema. "Utaniandikia?"