Parachuti Uani kwa Bi Mwajabu

Sie Wahaya tunasemwa kwamba tunajisikia, na watu wa Temeke wakitaka mfano wananitaja mie. Sibishi. Mwaka ule jeshi la Mwingereza liliposema litajaribu kufundisha wenyeji wawili urubani, na mmoja wao nikawa mie Didas, karani wa Keko, nilianza kutembea katikati ya barabara. Wenye baiskeli ndio walionikwepa. Mama yangu kule Bukoba aliposikia alitoa sadaka ya misa, na mpaka leo sijui kama ilikuwa ya shukrani au ya marehemu.

Mwenzangu alikuwa Aidarus, mtoto wa Mwarabu mwenye duka Kinondoni, kijana mpole anayesema bismillahi hata akifungua dirisha. Mwalimu wetu alikuwa Kapteni Pellow, Mwingereza mrefu mwenye masikio mekundu. Siku ya kwanza alitusimamisha mbele ya ndege akatupa sheria. Hakuna mpira, hakuna pikipiki, hakuna kupanda minazi, hakuna kuruka kutoka popote kwenda popote. "Miguu yenu si yenu tena," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Ni ya Malkia. Wewe vunja mguu, wewe vunja mguu ya Malkia." Tukimaliza mafunzo ya mwanzo salama tutapelekwa Nairobi, na kutoka Nairobi, Ulaya, tukarudi na mabawa ya marubani yameshonwa kifuani. Niliyataka mabawa yale kuliko nilivyotaka kwenda mbinguni. Sifanyi mzaha. Nilikuwa nashika rozari usiku lakini ninachoomba ni mabawa.

Basi mtu anayetaka kitu hivyo si angetulia na miguu yake ya Malkia? Mie nikaenda kuanza mchezo wa kuruka na parachuti.

Sababu yake inatia aibu. Ukirusha ndege, wa chini hawajui ni nani aliyemo. Nilipita juu ya Keko sijui mara ngapi, napunga mkono mpaka bega linauma, na jioni nikiwauliza majirani kama wameniona wananijibu, "Tumeona ndege." Utadhani ilikuwa inajiendesha yenyewe. Lakini mtu anayening'inia angani chini ya kitambaa cheupe, huyo anaonekana mpaka soksi. Na palikuwa na Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge, Stavro, mwenye kindege chake na akili pungufu kidogo, ambaye Jumapili alipenda kupandisha watu juu na kuwaangusha. Tukapatana mara moja, wajinga huwa hawachukui muda kujuana. Parachuti nikawa naichukua stoo ya kambi Jumamosi na kuirudisha Jumatatu asubuhi, bila kumsumbua mtu kwa kumuomba ruhusa.

Aidarus alijua, na hakupenda. "Watu wanaomba ndege isianguke, wewe unashukia njiani," aliniambia. "Ukikamatwa, Nairobi utaisikia redioni."

"Njoo nawe ujaribu."

"Mie mama yangu yu hai," akasema, akaendelea kusoma kitabu chake cha injini.

Jumapili yenyewe ilikuwa ile ya mwisho kabla ya safari ya Nairobi. Mtu mwenye akili angekwenda misa. Mie nilikuwa nimeitangazia Temeke nzima kwamba nitashuka katikati ya kiwanja cha mpira, na watu walikuja, wengine na viti vyao. Stavro akanipandisha. Tulipofika juu ya kiwanja akanipa ishara, nikatoka nikasimama juu ya bawa, nikatazama chini, nikaona wale watu wadogo na viti vyao, na mikono yangu ikakataa kuachia. Nilikuwa nimesharuka na Stavro nyuma ya mashamba yake bila shida yoyote. Lakini kule hapakuwa na watazamaji. Nilikumbatia nguzo ya bawa kama mtoto anayekataa kwenda kuchanjwa, Stavro anatukana Kigiriki, ndege inakwenda, Temeke inabaki nyuma, Mbagala inapita, mpaka Mgiriki alipochoka akaibinua ndege upande mmoja nikamwagika.

Parachuti ikafunguka. Chini yangu ni Chamazi, mikorosho na mihogo, hakuna hata mbuzi wa kuniona. Nikaona uchungu kweli. Ndipo niliposikia ngoma, na juu ya ngoma, vigelegele. Vilitoka kwenye ua mkubwa wa makuti, mrefu kupita mtu, na ndani yake niliona kanga za kila rangi. Kichwa changu cha Kihaya kikapiga hesabu yake: wameniona, wamefurahi, wananipokea. Ningeweza kuanguka salama kwenye mihogo. Badala yake nikavuta kamba za upande ule kwa nguvu zangu zote ili nisiwanyime wale akina mama heshima ya kunipokea.

Mtu yeyote aliyezaliwa pwani angejua. Ngoma mchana, ua wa makuti usio na tundu, sauti za wanawake tupu na hakuna hata mwanamume mmoja anayekohoa: huo ni unyago. Mabinti wamewekwa ndani wanafundwa, na mwanamume hasogei hata kwenye njia inayopita karibu. Watu wa Chamazi hata jogoo walimfukuza. Mie nikashuka katikati ya mkeka.

Ngoma ilinyamaza. Niliwasikia mabinti wakilia na wanawake wakikimbia kuwafunika. Mie mwenyewe nilikuwa nimefunikwa na parachuti gubigubi, sioni kitu, na namshukuru Mungu kwa hilo. Mkono mmoja ukaifunua pembeni, nikaona uso wa mama wa makamo, kavu, hauna hasira wala huruma. Huyo ndiye Bi Mwajabu, kungwi mkuu wa pale. Kanga yake ya juu alikuwa ameivua na kumtupia binti mdogo kuliko wote, aliyejibanza nyuma yake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Rubani."

"Rubani wa nini?"

"Wa ndege."

Akatazama juu, akatazama huku na huku. "Iko wapi hiyo ndege?"

"Imekwenda."

"Imekuacha," alisema, na wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikacheka nami ili nisionekane mgeni. Hapo wakanyamaza, na nikajua nimekosea.

Walikaa shauri kando. Wengine walitaka nipigwe, wengine wakataka kwanza nipigwe halafu ndipo wakae shauri. Bi Mwajabu aliwasikiliza wote kisha akarudi kwangu. Akaniambia mwaka uliopita, kijiji cha jirani, askari waliokuwa wanamtafuta mwizi walivunja ua kama huu wakaingia. Mabinti wale mpaka leo wanaitwa walioonwa na askari. Hakuna aliyekuja kuwaposa, na mmoja amehama na mama yake, wala hawajarudi tena kwao. "Mwanamume akiingia humu, hawa wameharibikiwa," alisema. "Mwali akiingia humu, hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo wewe ni mwali."

Nikataka kueleza kwamba mie ni mwanafunzi wa jeshi la anga. Wembe ulikuwa umeshafika kichwani.

Walininyoa upara. Walinipaka unga wa mtama usoni na nyuma ya masikio. Walinifunga kanga, wakaniambia nicheze, nikacheza, wakaniambia nicheze vizuri, nikajitahidi. Yaliyobaki siyasemi, maana walinilisha yamini kwa maziwa ya mama yangu kwamba sitasema niliingia wapi wala niliona nini mpaka mabinti watoke nje. Na mafundisho yenyewe sitasema hata baada ya hapo, ingawa mke niliyemwoa baadaye hajawahi kulalamika.

Jioni wakaniruhusu niende. Nikaanza kukusanya parachuti. Bi Mwajabu akaikanyaga.

"Kilichoingia humu hakitoki mpaka wenyewe watoke," alisema. "Jumamosi tunawatoa. Njoo Jumamosi."

"Mama, hii ni ya serikali. Kesho wakiikosa, mie sina kazi."

"Wewe tumekutoa kwa sababu umeapa. Hii imeapa?"

Nilirudi Keko kwa miguu, upara unawaka, na kila niliyekutana naye nikamwambia nimenyoa kwa sababu ya joto.

Asubuhi Kapteni Pellow alikagua stoo kabla sijapata hata uongo wa kumpa. Akatusimamisha mie na Aidarus. Alinitazama kichwa kwa muda mrefu.

"Nini hii?"

"Chawa, afande."

"Na parachuti iko wapi?"

Aidarus, ambaye alikuwa amesimama ubavuni kwangu, aligeuza shingo kidogo, akaona unga niliousahau nyuma ya sikio, akaona upara. Mtoto wa pwani yule, alijua ni unyago, na alijua wiki ile unachezwa Chamazi. Nikamsikia akivuta pumzi akasema kwa sauti ya chini, "La ilaha illallah."

Kapteni hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza. Alimpeleka Aidarus nje, akakaa, akaniambia amekwishasikia habari za Mgiriki na watu wa Temeke waliorudi na viti vyao wakiwa na hasira. Alijua nimevunja sheria. Lakini akasema mimi ni rubani mzuri, mzuri kuliko Aidarus, na yeye hataki kurudi Nairobi na mtu mmoja wakati aliahidi wawili. "Wewe sema tu iko wapi," alisema. "Mimi peleka askari na gari, wao chukua, kwisha. Wewe kaa kifungo kidogo, halafu Jumamosi asubuhi sisi wote nenda Nairobi."

"Nitaileta mwenyewe, afande. Jumamosi jioni."

"Jumamosi jioni mimi kwisha fika Nairobi. Iko wapi?"

Nawaambieni, jina la Chamazi lilinijia mpaka kwenye meno. Maisha yangu yote sijawahi kuwa na neno nikalimeza. Nikawaza: mie na wale wanawake tuna nini? Si kabila langu, si dini yangu, wamenicheka, wamenipaka unga. Nikawaza mabawa kifuani, mama yangu kanisani anayaonyesha majirani. Kisha nikaliona lile gari la askari linasimama kando ya ua, nikaona buti zinapiga makuti, na yule binti mdogo akiwa hana tena kanga ya kutosha kumfunika. Nilikasirika kumfahamu. Kama nisingemwona, ningesema.

"Nimeipoteza, afande," nikasema. "Sijui ilikoangukia."

Alijua nasema uongo. Alingoja kidogo kama mtu anayemshikia mwenzake mlango, halafu akaufunga. Nilivua mavazi ya jeshi siku ileile. Nje Aidarus alikuwa ananisubiri, analia waziwazi, na mie niliyefukuzwa ndiye niliyembembeleza. "Ningemwambia kapteni ulikotoka," alisema, "lakini ningemwambia nini mama yangu?" Nikamwambia anyamaze, na nikamwonea wivu.

Wiki nzima sikutoka. Keko waliamini nimefukuzwa kwa ajili ya chawa, na kwa kuwa nilikuwa nimewasumbua sana na ndege yangu, waliifurahia habari hiyo bila kificho. Jumamosi nikaenda Chamazi kuchukua parachuti, si kwamba ilinifaa kitu tena, ila niliambiwa niende.

Ua ulikuwa umebomolewa. Kijiji kizima kilikuwa nje, wanaume kwa wanawake, wazee wamevaa kanzu, na mabinti wamekaa kwenye mkeka wamepakwa mafuta, wamevishwa kanga mpya, wazuri kupita kiasi. Bi Mwajabu alinishika mkono mbele ya watu wote akaniketisha mwisho wa mkeka, pembeni ya yule mdogo, akanitupia kanga begani. Wazee walitazamana. Hakuna aliyeuliza. Mama mmoja aliyepita kunitupia maua ya asumini aliniambia kwa sauti ya chini, "Tulikaa wiki nzima tunasikiliza gari la askari." Akapita.

Basi ndipo ndege iliposikika. Niliijua kabla sijaiona, nilijua mpaka kikohozi cha injini yake. Njia ya Nairobi ni kaskazini, na Chamazi ni kusini, lakini ilikuja, ikazunguka juu yetu chini sana, na mwendo wa kona yake nikautambua kuwa ni wa Aidarus, maana siku zote anachelewa kidogo. Watu wote wakainuka, wakapunga mikono, watoto wakakimbia, wanauliza ni nani huyo. Ikainamisha bawa moja, kisha la pili, kuniamkia. Nikaanza kunyanyua kichwa.

Kiganja cha Bi Mwajabu kikatua juu ya upara wangu, kikausukuma chini polepole.

"Mwali hatazami juu," alisema.

Nikainama kama wenzangu, nikautazama mkeka, na kanga ikanifunika macho mpaka sauti ile ilipokwisha.