Kimya Nyuma ya Pazia

Kila siku baada ya alasiri Khairat alikaa jamvini ukumbini kwao Ipagala, akichagua mchele huku simu imeegemea kikombe, akisoma habari za lugha za Kaukasi ya Mashariki. Ndiyo mada ya utafiti aliyoichagua kumalizia chuo. Alipenda kujua kwamba katika Kichecheni, mojawapo ya lugha hizo, mtu mmoja akikaa ana kitenzi chake, na wengi wakikaa wana kingine kabisa. Tendo likirudiwarudiwa, hata irabu ya katikati hugeuka. Akisoma hivyo aliiona milima yenye ukungu, watu wanakaa na kuinuka polepole, na vitenzi vinawahesabu bila kelele.

"Hodi!"

Siku hiyo ungo ukamponyoka. Mjomba Abdulrazaki, anayemlea, aliingia na wazee wawili kutoka Chemba. Walileta posa ya Rahimu, kijana wa duka la vitambaa. Khairat akakimbilia chumbani, nyuma ya pazia.

Shangazi Mwanamvua akatoka jikoni, akamfuata, akamfinya begani. "Leo umeshikwa, mwali. Jipanguse basi, umejaa pumba kama kuku wa soko la nafaka Kibaigwa!"

Khairat alitabasamu kwa shida. Kwao msichana anayeposwa huulizwa, naye akinyamaza, kimya chake ndicho jibu: amekubali, haya tu imemziba mdomo. Na yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa kunyamaza.

"Khairat mwanangu," mjomba akaita kutoka ukumbini, "Rahimu anataka kukuoa. Wasemaje?"

Ukungu wa ile milima ukamjia tena, laini kama pamba. Ndani yake watu wengi walikuwa wamekaa pamoja, wametulia, wamemwachia nafasi katikati yao. Ilikuwa rahisi mno kwenda kukaa.

"Kanyamaza," mzee mmoja akasema kwa furaha. "Alhamdulillahi."

"Binti wa watu huyu," mwenzake akacheka. "Siyo hawa wetu, wanajibu kabla hujauliza! Haya, tusome Fatiha."

Mikono ikainuliwa. Khairat akalisogeza pazia, akatoka bila viatu.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitika, mikono bado hewani.

"Mjomba, nisamehe. Nimenyamaza kwa kuogopa, sikukubali. Nataka kusoma, na Rahimu sitaki anioe."