Chumba cha Nne

Saa mbili asubuhi Dada alikuwa amepiga magoti, anasugua ukuta wa chumba chake kwa brashi na sabuni ya unga. Bomba la maji machafu lilishuka kutoka choo cha ghorofani, likapita juu kidogo ya mto wake, likazama sakafuni. Kwa miaka tisa alijua bila kuambiwa ni nani katika nyumba ile aliyekula vibaya jana yake. Kwenye maungio ya bomba palikuwa na unyevu usiokauka, na harufu yake sabuni iliituliza kwa saa moja tu, kisha ikarudi na hasira zake.

Wote walimwita Dada, mdogo kwa mkubwa, ingawa alimzidi mama mwenye nyumba miaka sita.

"Mwagia na dawa ya choo," mama alisema. Alisimama mlangoni, maana ndani watu wawili hawakuenea. "Na hivyo vitunguu toa. Dalali anakuja na wateja saa nne. Nimeshawaambia nyumba ina vyumba vinne vya kulala."

"Vinne, mama?"

"Na chako kimo." Akatabasamu kama mtu aliyetoa zawadi.

Dada akatoa gunia la vitunguu, madumu ya mafuta na pasi mbovu. Mama akamletea shuka ya wageni, nyeupe, yenye maua pembezoni. Ilikuwa mara ya kwanza kitanda kile kuvaa shuka isiyo na kiraka. Alipokuwa akiitandika alijikuta anaomba wateja wakipende chumba, kwa kuwa huenda wakampenda na mwenye chumba. Nyumba ikiuzwa yeye aende wapi, hakuna aliyemwambia. Aliwahi kuuliza, akajibiwa "tutaona", na tutaona ya bosi haina tarehe.

Dalali alikuja na mume na mke waliovaa vizuri. Aliwapitisha sebuleni, juu, jikoni, mpaka wakafika chumbani kwa Dada.

"Na hiki ndicho cha nne," alisema. "Kidogo, lakini kimetulia. Mtu analala usingizi wa mtoto mchanga."

Hapo hapo baba mwenye nyumba, ambaye tumbo lilimsumbua tangu jana, akavuta maji huko juu. Bomba likanguruma, likapitisha mzigo wake kando ya mto mweupe, likakohoa, likanyamaza. Mteja mwanamke akaziba pua kwa kitambaa.

"Hiyo ni kazi ya fundi ya nusu siku," dalali alisema.

"Dirisha liko wapi?" mume akauliza.

"La kutoboa tu. Ukuta wenu, nyundo yenu."

"Analala nani humu?"

"Dada wetu wa kazi," mama alijibu, akimshika Dada bega. "Tunaishi naye kama ndugu."

Wateja hawakukaa sana. Walikuwa hawajafika mbali simu ya mama ikalia: jirani anatonya kwamba afisa wa halmashauri, yule anayekagua nyumba kwa ajili ya kodi, yuko kwake na anakuja. Kodi ilikwenda kwa idadi ya vyumba vya kulala, na cha nne kilipandisha nyumba daraja. Mama akaja mbio.

"Toa kitanda. Toa kila kitu. Rudisha vitunguu."

Godoro likatupwa uani, kitanda cha chuma kikaegemezwa nyuma ya tangi. Shuka ya wageni mama aliikunja mwenyewe, akainusa kwanza.

Afisa alikuwa mnene, mpole, anatoka jasho. Alivuta utepe wa kupimia, akaurudisha.

"Mita mbili na robo kwa moja na nusu. Dirisha hakuna. Hewa hakuna." Akatikisa kichwa. "Hata kuku huwezi kumfuga humu."

"Ni stoo," mama alisema.

"Ni stoo kabisa. Kisheria binadamu halali humu. Ila fomu inataka mkazi mwingine, mtu mzima, asaini kwamba hakuna anayelala."

Baba alikuwa bado amekalia choo. "Dada, njoo usaini hapa," mama aliita.

Dada akaweka chini sinia la chai, akafuta mikono kwenye kanga. Aliisoma fomu yote, mstari kwa mstari.

"Saini tu, si mtihani," mama alisema.

Dada alikuwa na mwandiko mzuri. Akaandika: *Nalala mimi. Mwaka wa tisa.* Chini yake akatia saini.

Afisa akasoma. Akamtazama Dada, akatazama doa la unyevu ukutani, na kwa kitambo kidogo pua yake ikaonyesha kwamba amenusa. Kisha akaichana fomu na kutoa nyingine mkobani.

"Fomu zenyewe za kugombania, dada yangu," alisema bila ubaya. "Usituharibie."

Baba akaitwa. Akashuka mikono imelowa, akasaini bila kusoma, akauliza kama chai bado ya moto, akarudi juu.

Mama hakufoka. Alingoja afisa atoke getini.

"Tutaongea mimi na wewe. Kwanza ingiza kitanda. Dalali anarudi saa tisa na mteja mwingine. Nitakupa tena ile shuka."

Dada akaenda uani. Godoro lilikuwa juani, na ubavu wake wa ukutani ulikuwa umeota ukungu mweusi, mnene, wenye manyoya. Alikuwa hajawahi kuuona mwangani. Huko ndiko alikokuwa akiweka uso. Mate yakamjaa mdomoni, akatema, akatema tena. Akaligeuza upande wa nafuu, akakaa juu yake na kunyoosha miguu.

"Dada, muda unakwenda," mama aliita kutoka jikoni.

"Ni chumba au ni stoo, mama? Niambie, niingize."

Dada akabaki pale pale mpaka kivuli cha tangi kikamfikia miguuni.

Geti likagongwa. Kulifungua ilikuwa kazi ya Dada tangu siku ya kwanza. Likagongwa tena, na sauti ya dalali ikabisha hodi. Dada akavua kandambili, akaziweka kando. Geti lilipogongwa mara ya tatu mama mwenyewe akatoka, akalizunguka godoro bila kulitazama, akasimama getini akijaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine, asijue upi ndio.