Manukato Waliyorudi Nayo

Mwalimu Eufrasia alitoka nyumbani kwangu adhana ya alfajiri haijasikika, kajitanda kitambaa cheupe, mkononi kashika mshumaa. Nilimwona kwa ufa wa dirisha. Dirisha langu lina ufa na siuzibi, maana mtu aliyepangisha chumba lazima ajue anaishi na nani. Nikajiuliza, mwanamke peke yake anakwenda wapi na mshumaa saa kama hizi? Hapa Vitongoji swali hilo halina jibu zuri.

Nikamnyemelea hadi barabarani. Alipanda bodaboda ikaelekea Chake Chake, na makaburi yetu yako upande mwingine, kwa hiyo nilirudi nikasali. Lakini sala ile niliisali mwili tu. Roho ilikuwa makaburini.

Niseme kwa nini. Mwanangu Usama aliondoka Pemba kwenda Tanga kutafuta maisha, na miaka miwili iliyopita akarudishwa kwa boti, kashonewa ndani ya mablanketi. Wakasema kagongwa na lori. Mzee Himid, ndugu wa marehemu mume wangu, ndiye anayeosha maiti za wanaume hapa kijijini. Aliingia chumbani na Pandu, msaidizi wake wa kuosha, wakafunga mlango, na alipotoka alisema hakuna kuaga uso. Wanaume wakabeba jeneza mbio mbio, maana maiti ilikuwa imekawia njiani. Sisi wanawake hatuendi kuzika. Nilibaki ukumbini nimeshika chupa ya marashi ya mawaridi ambayo hakuna aliyeniuliza ya nini.

Basi nimemzika mwana nisiyemwona. Watu nao hawana dogo. Hata siku tatu hazijaisha, maneno yakaanza kupita uani kwamba mle kaburini mna gogo la mgomba, Usama kachukuliwa na wachawi, wanamtumikisha. Mara muuza dagaa mmoja wa Tumbe akaapa kuwa kamwona Tanga na baiskeli, kanenepa. Nikimuuliza Himid kama kweli ni yeye, hujibu, "Ni yeye," halafu macho yake huyapeleka chini. Mtu mkweli atazame chini kwa nini? Pandu naye akafa, akabaki Himid peke yake anayejua.

Siku ya tatu ya maziko, siku ya kusoma hitima na kuondoa matanga, nilifunga mlango nikawarudisha wasomaji na misahafu yao. Nikasema simsomei hitima mtu ambaye sijui kama kafa. Ukoo mzima ukaninunia, na mpaka mwaka huu hitima ya Usama haijasomwa. Nilikuwa namngoja. Nalisema hivyo hivyo lilivyo: nilikuwa nangoja mlango ugongwe.

Mchana wa siku ile ya mshumaa, Eufrasia alirudi akaniletea sahani ya wali na kuku. Nikamuuliza nani kachinja. Akacheka, akasema kuku kamnunua sokoni Chake kwa Suhail, kachinjwa na Suhail mwenyewe. Nikala, ila nilimwambia akae, sijamaliza naye. Nilitaka kujua ule mshumaa.

Akanieleza kwamba ni Pasaka yao. Nabii Isa, ambaye wao humwita Masihi na Mwana wa Mungu, aliuawa siku ya Ijumaa, akazikwa haraka haraka kwa sababu jua lilikuwa linatua na siku yao takatifu inaingia. Hata kumpaka manukato sawasawa hawakuwahi. Jumapili alfajiri wanawake wakaenda kaburini na manukato yao kuimaliza kazi ile, wakakuta jiwe la mlangoni limeondolewa, ndani hamna mtu. Kafufuka. Mshumaa ni kwa furaha hiyo.

Nikaacha kula. Nikamwambia sisi hatuamini hivyo. Kwetu Nabii Isa hakuuawa, walifananishiwa tu, na Mwenyezi Mungu akamnyanyua. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akasema anajua, anafundisha na walimu wenzake wa hapa hapa na wameshalizungumza. Hakubishana nami. Lakini mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza.

Nilimhoji kama askari. Jiwe kaliondoa nani? Kaburi lilikuwa na mlinzi? Wa kwanza kufika nani, na alikuwa na ugomvi na nani? Kaburi tupu huku kwetu si habari ya kupikia wali. Ni habari ya kumwita mganga. Eufrasia akajibu kimoja kimoja, akasema hata wakati ule wapo waliodai kwamba mwili umeibwa. Nikamwambia hata mimi ningedai. Kisha nikauliza lile lililokuwa likinikereketa: huyo waliyemwona baadaye, walijuaje kuwa ndiye?

Akasema mmoja wa wanafunzi wake aliuliza hivyo hivyo. Wenzake walimwambia wamemwona, akakataa, akasema haamini mpaka atie kidole kwenye makovu ya misumari. Akaja akaonyeshwa makovu. Nilimpenda mtu yule. Katika wote wale, yeye ndiye aliyekuwa na akili kama zangu.

"Na mama yake?" nikauliza. "Mama yake alikuwapo alipokufa?"

"Alikuwapo, mama. Alisimama pale pale akamwona."

Niliosha mikono. Kwa imani yao, mwana kafufuka. Kwa imani yetu, hakuguswa. Vyovyote iwavyo, Bi Mariamu hakunyang'anywa mwanawe akaachiwa maneno ya watu. Niliona wivu, Mungu anisamehe, nikaona na hasira. Na katika hasira ile ndipo nikaikumbuka alama ya Usama.

Alipokuwa mtoto wa kutambaa alimwagikiwa na chai ya moto kwapani. Kovu lake nalijua mimi na marehemu baba yake tu, maana Usama alikuwa mtu wa haya, hakukaa kifua wazi hata mbele ya vijana wenzake. Mwenye kulijua kovu lile lazima awe amemvua nguo na kumnyanyua mkono.

Nikavaa buibui nikamwambia Eufrasia twende. Nilitaka shahidi asiye wa ukoo, kwa sababu wa ukoo wote nawashuku.

Himid tulimkuta barazani kwake anasuka kamba. Nikakaa bila ya kungoja kukaribishwa. Nikamwambia leo simuulizi uso, wala simuulizi lori, namuuliza alama moja ya mwili wa Usama, na simwambii iko wapi. Akiikosa, kesho nakwenda kwa sheha kutaka kaburi lifukuliwe.

Kamba ikasimama mikononi mwake. Mimi moyoni nikashangilia. Nikasema nimemkamata mzee huyu, mwanangu yu hai.

"Shemegi," akasema, "ntu wa kuosha hasemi alichokiona. Aliyoyaona kwa maiti ni amana, atakwenda nayo kwa Mola wake. Ndiyo maana kila ukiniuliza siwezi kukutazama. Nchelea macho yangu yatakwambia uso wa n'wanao ulivyokuwa."

"Alama," nikasema. "Sitaki maneno."

"Kwapani. Nkono wa kushoto. Pana baka la kuungua, la zamani, ngozi imejikunja." Alijigusa pale pale kwa kidole. "Nliliosha kwa mkono wangu huu. Nkajisemea, huyu ntoto kaungua lini na mimi ami yake n'sijue?"

Kisha akalia, mzee mzima, kamba mapajani.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Ilikuwa kweli. Miaka miwili nilimshuku mtu aliyekuwa amebeba uso wa mwanangu kichwani mwake ili mimi nisiubebe. Nilitaka kumwomba radhi. Nikasikia mkono wa Eufrasia mgongoni. Nilidhani ataniambia habari za kufufuka, na nilikuwa tayari kumfokea. Nikageuka. Alikuwa analia na yeye.

Nilipofika nyumbani nilifungua kabati, nikaitoa ile chupa ya marashi. Muhuri wake ulikuwa bado haujakatwa. Nikawaza wale wanawake wa alfajiri, na manukato waliyorudi nayo kwa sababu hapakuwa na wa kupakwa. Nami miaka miwili niliyaweka yangu nikitumaini hivyo hivyo.

Siku ya tatu yake wasomaji walijaa ukumbini. Uani Eufrasia alikuwa ananikunia nazi, na Himid alikaa karibu na mlango, kwa mara ya kwanza ananitazama usoni. Nikaukata muhuri, nikayamimina marashi kwenye mrashi, nikawanyunyizia wasomaji mmoja mmoja. Walipouliza hitima hii ni ya nani, nilijibu mwenyewe.

"Ya marehemu Usama, mwanangu."